Ardhi Tunayoikalia Inatembea: Bonde la Ufa Lilivyotengenezwa na Yanayotuhusu



Tangu Machi 2018, wakati ufa mkubwa ulipofunguka karibu na Mai Mahiu na kuikata barabara ya kwenda Narok, kuna swali ambalo tunaulizwa karibu kila tunapokutana na vikundi upande huu wa bonde. Wazee wanauliza, vijana wanauliza, na akina mama wa vikundi vya maji ndio wanauliza zaidi. "Ni kweli Afrika inapasuka? Tutahama lini?" Wengine walisikia kwa redio kwamba bahari itaingia Naivasha. Wengine walisema ni mwisho wa dunia, na tunajua watu waliouza mbuzi kwa bei ya kutupa kwa sababu ya hofu hiyo.

Jibu fupi ni kwamba ndiyo, Afrika inapasuka, na hapana, hakuna haja ya kuuza mbuzi. Lakini jibu fupi halimsaidii mtu anayetaka kuchimba kisima au kujengea mtoto wake nyumba. Kwa hiyo katika toleo hili tumeamua kulieleza jambo hili polepole.

Dunia si jiwe moja

Tukisimama shambani tunaona ardhi imetulia. Lakini ukoko mgumu wa dunia tunaoukanyaga haukuungana kuwa kipande kimoja. Umevunjika vipande, kama ganda la yai lililochemshwa na kugongwa mezani, likabaki limeshikilia yai. Vipande hivyo vinaitwa mabamba. Yako makubwa saba hivi, na mengine madogo madogo. Unene wa bamba moja unaweza kufika kilomita 100 au kupita, na juu yake limebeba nchi kavu, au sakafu ya bahari, au vyote viwili.

Chini ya mabamba kuna nini? Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba kuna uji wa moto, na mwalimu akachora sufuria ubaoni. Mfano huo si mbaya, lakini unadanganya kidogo, kwa maana mtoto anarudi nyumbani akifikiri tunaelea juu ya moto mtupu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya huko chini ni mawe, si uji. Ni mawe yenye joto jingi mno na yaliyobanwa sana, hata yanaweza kusogea polepole bila kuyeyuka. Umewahi kuona pipa la lami lililoachwa limelala kando ya barabara na mkandarasi? Ukiigonga lami hiyo kwa jiwe, inavunjika kama kitu kigumu. Lakini rudi baada ya miezi, utakuta imetiririka yenyewe ikatoka mdomoni mwa pipa. Mawe ya chini yanafanya hivyo, ila kwa mamilioni ya miaka. Yale yenye joto zaidi yanapanda, yaliyopoa yanashuka.

Mabamba nayo hayakai bure juu ya mwendo huo. Sakafu ya bahari ikizeeka inapoa, inakuwa nzito, na ukingo wake unaanza kuzama chini ya bamba jirani. Ukishaanza kuzama unavuta sehemu iliyobaki. Ni kama blanketi lililoanikwa likiwa limelowa: upande mmoja ukizidi uzito, lote linateleza kutoka kambani. Wataalamu wengi wanasema kuvuta huku ndiko nguvu kubwa kuliko zote zinazoendesha mabamba.

Mtu wa kwanza kulitetea wazo hili kwa nguvu alikuwa Mjerumani Alfred Wegener, mtaalamu wa hali ya hewa. Mwaka 1912 alisema mabara yalikuwa pamoja zamani. Alionyesha jinsi pwani ya Amerika ya Kusini inavyolingana na ya Afrika, na kwamba mawe na mabaki ya wanyama wa kale ni yale yale pande zote mbili za bahari. Wakubwa wa elimu hiyo walimcheka, kwa sababu hakuweza kusema ni nguvu gani inayosukuma bara zima. Alifia kwenye barafu ya Greenland mwaka 1930. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1960, baada ya sakafu ya bahari kupimwa vizuri, ndipo wengi wakakubali.

Yakikutana, yakiachana

Mabamba mawili yakisukumana, na yote mawili yamebeba nchi kavu, hakuna linalotaka kuzama. Yanajikunja na kupanda juu. India ilianza kuigonga Asia miaka kama milioni 50 iliyopita, na mpaka leo bado inasukuma. Milima ya Himalaya ni matokeo yake, na ndiyo maana Everest imefika mita 8,849.

Bamba la bahari likikutana na lingine, moja linapita chini. Hapo ndipo mitetemeko mikubwa kuliko yote inatokea, kwa sababu mabamba hayatelezi vizuri. Yanakwama miaka mingi kama droo ya kabati iliyovimba kwa unyevu, halafu siku moja yanaachia kwa ghafla. Tarehe 26 Desemba 2004 yaliachia karibu na Sumatra, Indonesia. Sakafu ya bahari iliinuka, ikasukuma maji, na zaidi ya watu 220,000 wakafa katika nchi nyingi. Mawimbi yale yalivuka Bahari ya Hindi yote. Somalia ilipoteza watu karibu 300. Huku kwetu alikufa mtu mmoja, kwa sababu mawimbi yalichukua masaa mengi kufika, habari za Asia zilikuwa zimeshasikika, na watu wakaondolewa ufuoni. Tunalitaja hili kwa sababu bado tunasikia watu wakisema mambo ya mabamba ni ya Wajapani.

Aina ya tatu ni mabamba kupita ubavu kwa ubavu, kama matatu mbili zikikwaruzana stendi. Hiyo haituhusu sana.

Inayotuhusu ni ya mabamba kuachana.

Bonde lilivyoshuka

Afrika ya mashariki imekaa juu ya mahali ambapo mawe ya moto kutoka chini sana yamekuwa yakipanda kwa mamilioni ya miaka. Yalipopanda yaliinua nchi. Ndiyo sababu Nairobi, iliyo karibu na ikweta, ina baridi ya Julai: iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Ndiyo sababu pia Limuru na Kericho zinalima majani ya chai. Tungekuwa tambarare ya chini kama pwani, haya yote yasingekuwepo.

Nchi iliyoinuliwa na kuvutwa pande mbili inakuwa nyembamba katikati. Mpishi wa chapati anajua: ukivuta donge pande mbili, pale katikati ndipo linapokonda, halafu linachanika. Basi chukua matofali matatu, uyabane pamoja kati ya mikono miwili na kuyainua hewani. Sasa legeza mikono kidogo tu. La katikati linashuka, ya kando yanabaki juu. Hilo la katikati ndilo bonde. Ukisimama pale juu ya Mai Mahiu, kando ya barabara ya juu ambapo watu wanauza ngozi za kondoo, wewe umesimama juu ya tofali la kando, na Longonot na mashamba yote unayoyaona chini yako juu ya tofali lililoshuka. Na lilishuka zaidi ya tunavyoona kwa macho. Bonde limejazwa lava, majivu na udongo kwa unene wa kilomita kadhaa. Tunacholima ni kifuniko.

Jina la "bonde la ufa" lilienezwa na J. W. Gregory, mwanajiolojia Mwingereza aliyepita hapa mwaka 1893 kwa miguu, akaandika kitabu mwaka 1896. Mpaka leo tawi letu, linalopita Turkana, Baringo, Nakuru, Naivasha hadi Magadi na kuingia Tanzania, wataalamu wanaliita Ufa wa Gregory. Kuna tawi la pili, la magharibi, linalopita Ziwa Albert, Kivu na Tanganyika. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, kwa sababu limekaa ndani ya ufa wenyewe. Ziwa Victoria ni kubwa zaidi kwa upana lakini kina chake ni kama mita 80 tu. Lenyewe halimo ndani ya ufa wowote. Liko katikati ya matawi mawili kama maji yaliyotuama kwenye sinia, na lilitokea pale ukingo wa magharibi ulipoinuka na kuzuia mito iliyokuwa ikitiririka kuelekea Kongo.

Kwa hiyo upande wa mashariki tuna bamba la Somalia, linalobeba Mombasa, Garissa, Machakos na hata Nairobi. Upande wa magharibi tuna bamba la Nubia, yaani Afrika nyingine yote. Na katikati ya matawi mawili kuna kijibamba kidogo kinachoitwa Victoria. Kisumu na Eldoret, tukitaka kusema kweli kabisa, ziko juu ya hicho kidogo.

Ukoko ulipokonda, mawe ya chini yalipungukiwa na ule uzito wa kuyabana, na baadhi yakayeyuka kweli kweli. Yakapanda. Mlima Kenya ulianza hivyo, ukawaka na kulala. Sasa umebaki mita 5,199, na vile vilele vikali ni kisiki tu cha volkano iliyokuwa ndefu zaidi kabla ya barafu na mvua kuila. Miaka kama milioni 13 iliyopita lava ilitiririka kutoka upande wa bonde kuelekea mashariki, ikafuata mkondo wa mto wa zamani karibu kilomita 300. Mto ukapotea, nchi ya pande zote mbili ikamomonyoka, lava ikabaki imesimama. Hiyo ndiyo Yatta. Mtu wa Ukambani anayechunga mbuzi juu ya Yatta anatembea juu ya sakafu ya mto uliogeuzwa kichwa chini. Sisi tunaona habari hii inapita hadithi nyingi za vitabuni.

Inakwenda kwa mwendo gani?

Sasa turudi kwa swali la kuhama. Siku hizi kuna mitambo iliyofungwa kwenye mawe magumu pande zote mbili za bonde, inayopokea ishara za setilaiti na kupima hata milimita. Kule Ethiopia pande mbili zinaachana kama milimita 6 kwa mwaka. Hapa Kenya ni milimita 2 hadi 4. Ukucha wa kidole cha mkono unakua kama milimita 3 kwa mwezi mmoja. Yaani bonde linapanuka mwaka mzima kiasi ambacho ukucha wako unakua mwezi huu. Mtu akiishi miaka 70, bonde litakuwa limepanuka chini ya urefu wa rula ya shule.

Ni kweli kwamba kuna mahali ambapo kazi hii imeendelea hadi bahari ikaingia. Bahari ya Shamu ilitokea hivyo, Arabia ilipoachana na Afrika. Na pwani yetu yenyewe ni ukingo wa ufa wa zamani, kwani Madagascar ilikuwa imeshikana na upande huu kabla ya kuondoka miaka zaidi ya milioni 150 iliyopita. Kwa hiyo si mara ya kwanza kwa nchi hii kuachwa. Lakini bahari kuingia kwetu ni jambo la makumi ya mamilioni ya miaka, kama litatokea. Nyufa nyingine duniani zilianza zikaishia njiani.

Ila tusidanganyane kwamba polepole maana yake ni laini. Kama ile droo, ufa unakaa kimya na kuachia kwa ghafla. Septemba 2005, katika jangwa la Afar huko Ethiopia, ardhi ilifunguka kwa urefu wa kilomita 60 na upana wa hadi mita 8 kwa muda wa siku chache tu, lava ilipojisukuma ndani kutoka chini. Na hapa kwetu, tarehe 6 Januari 1928, Subukia ilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 6.9. Ardhi ilichanika kwenye mguu wa mteremko wa Laikipia kwa kilomita 38 hivi, na mahali pengine upande mmoja ukashuka zaidi ya mita 2. Wakati ule watu walikuwa wachache na nyumba nyingi zilikuwa za miti na nyasi, ambazo zinatingishika bila kuua. Leo eneo hilo lina nyumba za mawe, shule za ghorofa na miji.

Julai 2007 kulikuwa na mitetemeko mingi kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron, na watu wa Nairobi walitoka mbio maofisini. Muda si mrefu Ol Doinyo Lengai ikaanza kulipuka. Kwa hiyo anayejenga kwa mawe au matofali asiruke ule mkanda wa simiti na vyuma unaozunguka nyumba yote juu ya madirisha. Fundi atakuambia ni gharama ya bure. Mkanda huo ndio unaoshika kuta nne zisiachane. Na ukihisi mtetemeko ukiwa ndani ya ghorofa, usikimbilie ngazi. Ingia chini ya meza imara, linda kichwa, ungoje utulie, ndipo utoke.

Na ule ufa wa 2018?

Wataalamu walibishana, na magazeti ya nje yakapenda upande wenye kelele. Waliopima pale walieleza hivi: sakafu ya bonde karibu na Suswa na Longonot ni majivu ya volkano, mepesi na laini. Chini yake kuna nyufa za zamani zilizofunikwa na majivu hayo. Mvua kubwa ya Machi 2018 ilipoingia, maji yalipata njia ya chini, yakayabeba majivu kidogo kidogo kama mchwa, mpaka paa la juu likaanguka. Kwa macho ilionekana ardhi imepasuka siku moja. Kazi kubwa ya siku ile ilifanywa na maji, ingawa mstari yaliyoufuata huenda ulichorwa na mabamba zamani sana.

Tofauti hii ina maana kwa mtu wa kawaida, kwa sababu mabamba huwezi kuyazuia lakini maji unaweza kuyaelekeza. Mara nyingi mstari wa ufa uliofunikwa unaonekana ukitembea polepole: vishimo vilivyofuatana, bonde dogo lisilo na mto, mahali ambapo maji ya mvua yanazama upesi badala ya kutiririka, nyasi zilizo kijani kwa mstari wakati wa kiangazi. Waulize wazee. Wachungaji wa Kimasai wa upande wa Suswa wanajua ni wapi ng'ombe walizama miaka iliyopita. Usijenge juu ya mstari huo, wala usiweke choo, tangi au mfereji wa maji ya paa hapo. Na shimo likitokea, usilijaze takataka na kulisahau. Zungushia miiba watoto wasiingie, umwambie chifu.

Mteremko wenyewe ni hatari kubwa kuliko ufa, ingawa hauandikwi sana. Ukuta wa bonde ni mkali kwa sababu ulikatwa na mivunjiko ya ardhi, na maji yote ya juu yanashuka kwa kasi. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya reli ya zamani kule Kijabe, ambapo njia ya maji chini ya tuta ilikuwa imeziba, yalipasua na kushuka Mai Mahiu na mawe na miti. Watu zaidi ya 40 walikufa usingizini. Upande wa Pokot na Marakwet, kwenye miteremko ile ile ya bonde, maporomoko ya Novemba 2019 na Aprili 2020 yalizika watu katika nyumba zao. Ardhi ya mguuni mwa mteremko ni tamu kulima, maji yako karibu, na shamba ni la bei nafuu. Hatuwalaumu walioko huko. Wengi hawana pengine pa kwenda. Lakini familia inayonunua ploti leo iangalie kama kuna mawe makubwa yaliyotawanyika shambani bila mlima karibu. Mawe hayo hayakuletwa na mtu. Yalishuka, na yatashuka mengine kwa njia ile ile.

Moto wa chini

Haikosi faida. Kule Olkaria maji ya mvua yanazama kwenye nyufa, yanachemka karibu na mawe ya moto, na visima vya kilomita mbili tatu vinauleta mvuke juu kuzungusha mitambo. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza mwaka 1981. Leo mvuke unatoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Kenya. Mtu wa Siaya akiwasha taa, huenda inawashwa na Bonde la Ufa. Lakini mwaka 2014 familia za Kimasai zilihamishwa kupisha kazi hiyo, na malalamiko yao kuhusu makao mapya yalifika mpaka Benki ya Dunia. Nasi tunajua vijiji vilivyo chini ya nyaya hizo kubwa ambavyo bado vinatumia koroboi. Hilo si kosa la mabamba.

Magadi nayo ni zawadi ya bonde. Na tusisahau kwamba majivu ya volkano yalisaidia kuhifadhi mifupa ya watu wa kale kule Turkana, hata Kamoya Kimeu, Mkenya mwenzetu, akaweza kuuona mwaka 1984 mfupa wa kwanza wa yule kijana wa Nariokotome aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Majivu hayo yanaweza kupimwa umri, ndiyo maana tunajua miaka hiyo.

Maji na meno

Tumeliacha jambo hili mwisho kwa sababu ndilo linalotuumiza zaidi, na ndilo watu hawaliunganishi na habari za bonde.

Mawe ya volkano ya kwetu yana madini ya floraidi kwa wingi. Maji yanayokaa muda mrefu chini ya ardhi, hasa yale ya moto, yanayayeyusha na kuyabeba hadi kwenye kisima. Floraidi kidogo inasaidia meno. Ikizidi inayaharibu. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Kuna visima vya Nakuru, Gilgil, Elementaita na Naivasha vinavyozidi kiasi hicho mara kadhaa.

Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajitengeneza ndani ya ufizi, yaani kabla ya kufika miaka minane, atayaota yakiwa na madoa ya rangi ya chai, mengine yamechimbika. Hakuna mswaki utakaoyaondoa. Tumekaa na wasichana wa sekondari wanaocheka mdomo ukiwa umefunikwa kwa mkono. Tumeona vijana wakienda kutafuta kazi mjini na kuambiwa ni wachafu. Mtu akiyanywa miaka mingi na kiasi kikiwa kikubwa, mifupa nayo inashikwa: mgongo unakakamaa, magoti yanauma, wengine miguu inapinda. Wanaambiwa ni uzee. Wengine wanaambiwa wamerogwa.

Floraidi haina ladha, haina rangi, haina harufu. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na yakawa nayo. Na hapa tunaomba msomaji asome mara mbili: kuchemsha hakuiondoi. Kuchemsha kunaua vijidudu, na hilo ni jema, lakini maji yanapopungua kwenye sufuria floraidi inabaki pale pale, kwa hiyo inazidi kuwa kali.

Maji ya mvua yanayovunwa kwenye mabati hayana shida hiyo. Familia isiyoweza kununua tangi kubwa ianze na dogo, na maji hayo yawekwe kwa ajili ya kunywa, uji wa watoto na kupikia. Kisima kitumike kwa kufua, kuoga na mifugo. Kuna pia vichujio vya mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa joto lililopimwa na kusagwa punje punje. Vinashika floraidi vizuri, vimetumika Nakuru kwa miaka mingi, lakini mkaa wake unachoka na lazima ubadilishwe. Mifupa iliyochomwa ovyo nyumbani inatia maji harufu na watu wanaacha kuyanywa. Na pale ambapo dini au mila ya mtu haimruhusu kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa, asilazimishwe. Apewe nafasi ya kwanza kwenye tangi la mvua.

Kikundi kinachotaka kuchimba kisima kimwambie mkandarasi tangu mwanzo, na kiandikwe kwenye mkataba, kwamba maji yatapimwa floraidi kabla ya malipo ya mwisho. Tumeona vikundi vilivyopimiwa chumvi na vijidudu tu. Kwa kisima ambacho tayari kipo, chukua chupa safi ya plastiki ya lita moja, isuuze mara tatu kwa maji ya kisima hicho hicho, ijaze hadi juu, andika jina la kisima na tarehe, uipeleke maabara ya maji ya kaunti au ya shirika la maji lililo karibu. Uliza kipimo cha floraidi kwa jina, na majibu yakija yabandikwe mahali ambapo kila anayechota atayaona.